Mbwa mzee anapoumwa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wafugaji wa Mwanza na visiwani

Ukurasa huu ni wa mwenye mbwa aliyelinda geti miaka yote na sasa anaamka taratibu, kidevu kimejaa mvi. Nimefuga mbwa hapa Nyegezi, Mwanza, kwa zaidi ya miaka 20. Kwa miaka kadhaa sasa namsaidia daktari wa mifugo anapozunguka majumbani: namshikia mnyama, nambebea boksi la dawa, nasikiliza. Maswali haya ndiyo ninayoulizwa barazani, sokoni, na kwenye simu usiku. Mimi si daktari. Nitakuonyesha pa kutazama, ili ukimpigia daktari uwe na la kumwambia.

Mbwa anahesabiwa mzee kuanzia miaka mingapi?

Inategemea umbo lake. Mbwa mkubwa kama German Shepherd anaingia uzeeni akiwa na miaka 7 au 8. Mbwa mdogo anaweza kufika 10 akiwa bado anaruka ukuta. Hawa wetu wa kienyeji wengi wako katikati.

Wengi wetu hatujui mbwa alizaliwa lini. Aliletwa ndani ya boksi la sabuni mwaka ule tuliohamia, basi. Kumbuka mtoto wako wa kwanza alikuwa darasa la ngapi siku hiyo, utapata umri wa kutosha kumweleza daktari. Usitegemee meno peke yake, hasa kwa mbwa wa ziwani. Dagaa walioanikwa mchangani huja na mchanga wao, na mbwa anayelishwa hao kila siku anaweza kuwa na meno yaliyolika kupita umri wake.

Nitatofautishaje uzee na ugonjwa?

Kwa mwendo wake. Uzee huja kidogo kidogo, kiasi kwamba huwezi kutaja wiki ulipoanza. Ugonjwa una tarehe. Ukiweza kusema "tangu Jumapili", au "tangu tulipotoka msibani", hapo tafuta sababu.

Mvi za kidevu ni uzee. Kulala zaidi mchana ni uzee. Ukungu wa bluu kwenye mboni zote mbili, ulioingia polepole huku bado anaona mlango na bakuli, mara nyingi ni uzee pia. Weupe kama maziwa ndani ya mboni ni mtoto wa jicho, na huo unahitaji kuangaliwa, kwa kuwa unaweza kuletwa na kisukari. Jicho lililogeuka jeupe au jekundu ndani ya siku chache, analifumba na hataki liguswe, ni la kuonwa na daktari leo.

Kukonda si uzee. Nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu ndilo tunalolipuuza kuliko yote. Mbwa mzee hupungua misuli ya mapaja, sawa, lakini akionyesha mbavu na uti wa mgongo wakati chakula ni kilekile, kuna kitu kinamla ndani. Neno "ameshazeeka huyo" nimelisikia likisemwa juu ya mbwa waliokuwa na kupe, wenye meno yaliyooza, wenye usaha tumboni. Nami niliwahi kulikubali, kama utakavyosoma hapa chini.

Nimkague vipi nyumbani kabla hajaugua?

Chagua siku moja kwa mwezi akiwa mzima, umtazame vitu vitatu. Huwezi kujua kilichobadilika kama hukujua kilivyokuwa.

Anza na fizi. Inua mdomo wa juu kwa kidole gumba. Fizi nzima zina rangi ya waridi na zina unyevu. Bonyeza kwa kidole mpaka pawe peupe, achia: rangi irudi ndani ya sekunde 2. Mbwa wengi wa kwetu wana fizi nyeusi, na hao watazame ndani ya kope ya chini.

Kisha pumzi. Subiri alale usingizi mzito, si baada ya kukimbizana na pikipiki. Hesabu kifua kinavyopanda kwa sekunde 30, zidisha mara 2. Mbwa aliyelala kwa kawaida hapiti pumzi 30 kwa dakika. Andika namba hiyo ukutani au kwenye simu.

La tatu ni kamba. Nina kipande cha kamba ya nailoni, ile ya wavuvi, nimekifunga fundo kwa kila mbwa wangu. Nazungusha kifuani nyuma ya miguu ya mbele, sijakaza wala kulegeza. Mwezi fundo likivuka kwa upana wa vidole viwili, najua amekonda kabla macho hayajaniambia. Mwenye mizani bafuni apande nayo akiwa amembeba mbwa, kisha atoe kilo zake. Sisi wengine kamba inatosha.

Ukiwa na kipimajoto, joto la mbwa kwa njia ya haja kubwa ni nyuzi 38.3 hadi 39.2. Kwa hiyo ukimgusa ukahisi ana joto kuliko wewe, bado hiyo si homa. Kipimajoto hicho kisirudi kabatini kwa watoto.

Siku hizi anakunywa maji mengi sana. Si joto tu?

Hapa naomba unisomee polepole.

Nilikuwa na jike jina lake Chausiku, miaka 9, hajawahi kutolewa kizazi. Mwishoni mwa Agosti alikuwa kwenye joto, yaani anataka dume, na madume ya mtaa mzima yakalala nje ya geti letu. Oktoba akaanza kunywa maji ya beseni la kufulia, maji yenye povu, na bakuli lake likiwa tupu. Nikasema joto la Oktoba. Siku ya pili akaacha nusu ya ugali. Nikaenda duka la dawa za mifugo, nikaelezwa ni uzee na kuishiwa nguvu, nikauziwa sindano ya vitamini. Siku ya tatu asubuhi nilimwinua mkia nikaona nywele za nyuma zimegandana na ute wa rangi ya udongo, na harufu ambayo sijaisahau. Daktari alipompasua jioni, mji wa mimba ulikuwa umejaa usaha, mnene kama mkono wangu. Figo zilikuwa zimeshashindwa. Alikufa baada ya siku mbili.

Kwa jike ambaye hajatolewa kizazi, kiu inayokuja wiki 2 hadi 8 baada ya joto la kutaka dume ni dharura mpaka daktari aseme vinginevyo. Ukiona ute au usaha, nenda siku hiyo. Usipouona, usitulie: wakati mwingine mlango wa kizazi umefunga na usaha umebaki ndani, na hiyo ndiyo mbaya zaidi. Tumbo linajaa, anatapika, anatetemeka miguu ya nyuma. Dawa yake ya uhakika ni upasuaji, na akiwahishwa wengi hupona.

Kwa dume, na kwa jike aliyetolewa kizazi, kiu kubwa huelekeza kwenye figo, kisukari, ini, au tezi zilizoharibika. Pima. Jaza chupa ya lita moja na nusu, mimina kwenye bakuli, hesabu chupa za saa 24 huku geti limefungwa asiende ziwani wala kwenye mtaro. Akipita mililita 100 kwa kila kilo ya mwili kwa siku, si kawaida. Mbwa wa kilo 20, basi, lita 2 ndiyo mpaka. Usimnyime maji ili aache kukojoa ndani. Anakunywa kwa sababu mwili unayapoteza, na ukimfungia bakuli unamkausha.

Fizi zake zimepauka. Nifanye nini?

Mpeleke leo. Fizi nyeupe maana yake damu imepungua au haizunguki.

Kanda ya Ziwa sababu ya kwanza kuiwaza ni kupe. Kupe wa mbwa huambukiza vijidudu vinavyovunja chembe nyekundu za damu, na vingine vinavyofanya damu isigande. Mbwa anakuwa na homa, hataki kula, mkojo unakuwa wa rangi ya chai nzito, au damu inatoka puani bila kugongwa. Mbwa mzee anaweza kuwa ameishi na vijidudu hivyo miezi mingi akikonda taratibu. Kagua ndani ya masikio, katikati ya vidole na chini ya mkia. Kutoona kupe leo hakumaanishi hakuwahi kung'atwa. Magonjwa haya yana dawa, na tone la damu kwenye hadubini mara nyingi linatosha kuanzia.

Minyoo safura nao hunyonya damu. Kuna pia hili la mbwa wakubwa wazee: uvimbe kwenye bandama unaopasuka na kuvuja damu tumboni. Alikuwa mzima asubuhi, mchana ameanguka, fizi kama karatasi, tumbo limejaa. Wengine huinuka baada ya saa kadhaa, tukadhani amepona, kisha anaanguka tena.

Fizi za manjano ni ini au damu inayovunjika. Zikiwa na rangi ya bluu au zambarau, hapati hewa: usimalize kusoma, tafuta usafiri.

Tumbo limevimba ghafla na anajaribu kutapika bila kutoa kitu.

Una saa chache tu za kumfikisha kwa daktari. Kwa mbwa mkubwa mwenye kifua kirefu, tumbo la chakula linaweza kujaa hewa na kujipinda. Anazunguka, anatazama ubavu wake, udenda unamtoka, ukigonga ubavu unasikia kama ngoma. Usimpe soda, mafuta wala magadi. Usimkande.

Tumbo linalojaa kwa wiki kadhaa, laini kama kiroba cha maji, huku mgongo ukikonda, ni jambo jingine: moyo, ini, au uvimbe. Hilo si la usiku huu, lakini lisivuke wiki.

Anakohoa usiku.

Sikiliza kikohozi kinavyotoka. Kikohozi cha mbwa mzee kinachokuja akiwa amelala, na mchana akitembea kidogo anachoka na kusimama njiani, kinanifanya niuwaze moyo. Rudi kwenye hesabu ya pumzi. Ikipita 30 usingizini siku mbili au tatu mfululizo, piga simu. Ikipita 40 na tumbo linasukuma kila pumzi, au analala ameketi na viwiko vimetanuka, usingoje asubuhi.

Ameacha kula. Siku ngapi nisubiri?

Mbwa mzee asiyegusa chakula kwa saa 24 aonwe. Akiwa anatapika pia, usifike hata hizo 24.

Kabla ya hapo mtazame anavyoacha. Anayekuja bakulini, ananusa, anageuka na kulamba midomo, ana kichefuchefu: figo, ini, tumbo. Anayetaka kula, anaokota kichwa cha dagaa, anakiangusha, anakiokota tena kwa upande mmoja, huyo ana maumivu mdomoni. Ukoga wa kahawia kwenye magego, harufu, uvimbe chini ya jicho, vyote ni jino. Mlainishie ugali kwa mchuzi usio na chumvi wala kitunguu mpaka daktari amwone.

Halafu kuna mapanki, ile mifupa ya sangara inayobaki minofu ikishatolewa. Najua ni rahisi kupata na mbwa wetu wamekulia hapo. Lakini mgongo wa sangara una mifupa migumu yenye ncha, na mbwa mzee asiyetafuna vizuri anameza vipande. Anayetapika mara kwa mara, anayekaa mkao wa kusali, matako juu na kifua chini, au anayesukuma haja bila kutoa, anaweza kuwa ameziba au ametoboka utumbo.

Ameshindwa kumeza, udenda unatoka. Nimtoe mwiba?

Usiingize mkono. Mwanza mbwa akishindwa kumeza tunawaza mwiba wa sangara kwanza, na hapo ndipo hatari ilipo. Kichaa cha mbwa kina sura mbili. Ile ya kung'ata ovyo kila mtu anaijua. Ile ya kimya ndiyo inayotudanganya: taya linaning'inia, udenda, sauti imebadilika, miguu inalegea, mbwa mkali amekuwa mpole kupita kiasi. Mtu mwenye huruma anafungua mdomo ule kwa vidole vyake.

Kuchanganyikiwa kwa uzee kupo kweli. Mbwa anasimama konani kama amesahau njia, anabweka usiku wa manane bila sababu, anakojoa ndani. Lakini hayo huchukua miezi. Kichaa huchukua siku, na dalili zikishatokea mbwa hufa, kwa kawaida ndani ya siku 10.

Kwa hiyo tabia ikibadilika ghafla, na hasa kama chanjo ya mwaka imepita, mfungie mahali pasipo na watu, usimguse, mjulishe afisa mifugo wa kata. Aliyeng'atwa, aliyekwaruzwa au aliyeingiwa na udenda kwenye kidonda, aoshe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo kwa chanjo. Kwa binadamu pia, dalili zikianza karibu hakuna anayepona. Mbwa mzee achanjwe kila mwaka kama wengine. Septemba 28 ni siku ya kichaa cha mbwa duniani, hivyo ulizia ofisi ya mifugo mapema mwezi huo kama kuna zoezi la chanjo mtaani kwenu.

Ana uvimbe. Ni kansa?

Kwa kutazama tu hatujui, hata daktari hufyonza chembe kwa sindano kwanza. Pima kwa vitu unavyovijua: punje ya mahindi, karanga, limao. Uvimbe uliotoka karanga ukafika limao ndani ya mwezi, uliochimbika kidonda, au ulioshikana na nyama ya chini hausogei, uwahi.

Papasa matiti ya jike yote, hadi yale ya nyuma kabisa. Uvimbe wa titi ukitolewa ungali mdogo kama karanga, matumaini ni makubwa kuliko ukishafika limao.

Na huu ujulikane: nyama inayofanana na koliflawa, inayovuja damu kwenye uume au uke, wakati mwingine puani. Ni uvimbe wa kuambukizana kwa kupandana, umejaa kwa mbwa wanaozurura. Watu huwaua mbwa kwa huo, jambo linaloniuma, kwa kuwa wengi hupona kwa sindano za kila wiki kwa wiki chache.

Ameanguka, kichwa kimepinda, macho yanacheza. Amepooza?

Inatisha, lakini mara nyingi ni kiungo cha usawa ndani ya sikio kilichovurugika kwa uzee. Wengi huanza kupata nafuu ndani ya siku chache, ingawa kichwa kinaweza kubaki kimepinda kidogo. Mlaze chini, mbali na ngazi na majabali, mpelekee maji mdomoni. Aonwe hata hivyo, maana sikio lililooza na sumu hufanana na hili.

Nimpe Panadol au diklofenaki wakati nasubiri?

Hapana. Panadol huharibu ini na damu yake. Diklofenaki na ibuprofeni hutoboa tumbo na kuua figo, na mbwa mzee figo zake tayari zina deni. Oili chafu ya gari kwa ajili ya ukurutu, hapana. Dawa ya kuogeshea ng'ombe iliyokadiriwa kwa macho, hapana pia.

Nimpeleke wapi, na nimbebe vipi?

Anza na ofisi ya mifugo ya kata. Wao watakuelekeza kwa daktari, uwe upande wa Nyamagana au Ilemela. Muulize anayekutibia kama amesajiliwa na Baraza la Veterinari. Ni haki yako, na daktari wa kweli hakasiriki. Kuuza dawa dukani si sawa na kuwa daktari. Mwanza ina pia kituo cha Wakala wa Maabara ya Veterinari, kwa vipimo ambavyo daktari ataviagiza.

Mchukue video ya dakika moja akitembea, akikohoa au akijaribu kutapika, kwa kuwa wengi wakifika kwa daktari hujikaza. Mbwa mwenye maumivu hung'ata hata bwana wake, mfunge mdomo kwa kanga iliyokunjwa, ila si yule anayetapika au anayehema kwa shida. Asiyeweza kusimama abebwe juu ya blanketi watu wawili, kwenye bajaji, si kupakatwa kwenye bodaboda.

Wa Ukerewe na visiwa vingine, uamuzi wenu unategemea kivuko. Dalili mkiziona asubuhi, msisubiri jioni muone kama atapata nafuu, kwani usiku huenda msipate safari na mbwa hatangoja ya kesho.

Nitajuaje kwamba wakati wake umefika?

Weka kalenda ukutani. Kila jioni chora duara siku aliyokula, akatembea mwenyewe hadi mahali pake pa haja, akainua kichwa ulipoingia. Weka msalaba siku asiyofanya hayo. Misalaba ikiwa mingi kuliko duara kwa wiki mbili na daktari hana jingine la kujaribu, mwombe sindano ya kumlaza. Analala usingizi kwanza, kisha moyo unasimama. Wazee wengine watakwambia mbwa aachwe afe mwenyewe nyuma ya banda. Nimewaona waliofia huko siku nne, na siwezi kukushauri hivyo. Sumu au kumtelekeza mwaloni, kule wavuvi wanakoshusha samaki, usithubutu.

Kaa naye. Mshike palepale anapopenda kukunwa.

Kuzika ni kazi kwenye vilima vyetu, kwa sababu jembe linagonga jabali mapema. Tafuta penye udongo, mita moja kwenda chini kama unaweza, mbali na kisima na mbali na maji ya ziwa. Mfunge kwenye shuka kuukuu, si kwenye nailoni, fukia, ushindilie, kisha panga mawe mazito juu ili mbwa wengine wasimfukue. Aliyekufa akiwa na dalili za kichaa usimguse wewe: mwite afisa mifugo.